Mbwa wa ulinzi, mnyororo na sheria: kamba tunayomfungia mnyama ina kipimo?

Mwana wa Maweni (mleta uzi)

Assalaam alaykum wana jukwaa. Uzi ni mrefu, naomba mnistahamilie. Jambo hili limenikaa moyoni tangu mwezi uliopita, nikaona bora nilimwage hapa kwa wenzangu wa Unguja na Pemba, khasa wafugaji na wenye mbwa wa ulinzi.

Mimi nakaa kusini Unguja, maweni huku. Njia yangu ya kondeni inapita nyuma ya jengo moja la wageni ambalo ujenzi wake umesimama. Mwenyewe hayupo na sitamtaja. Kwenye pembe ya ukuta hufungwa mbwa. Nilimuona kwanza alipokuwa mtoto, masikio bado yameanguka. Alifungwa mnyororo wa chuma, ule wa kufungia mageti, ncha moja kwenye nondo iliyochomoza nguzoni, ncha nyengine shingoni kwa kufuli. Nimeupima kwa hatua zangu: mbili na nusu. Miezi yote amezunguka mle mle mpaka ardhi ikafanya duara. Ndani ya duara mchanga umepigwa ukawa mgumu kama sakafu, nje yake majani yamesimama mabichi.

Siku ile kilichonisimamisha ni harufu. Nikasogea. Mbwa amekua na mnyororo ni ule ule. Pete za chuma zimezama shingoni, ngozi imepanda juu yake, kufuli linaning'inia kama limeota pale. Nzi wamejaa. Dumu la lita 5 lililokatwa nusu, ambalo ndilo chombo chake cha maji, limepinduka na liko hatua moja kupita anapofika. Hakubweka. Aliniangalia tu, mkia ukapiga chini mara mbili.

Nilimpigia simu bwana mifugo wetu, akaja na vespa yake. Alimchoma sindano ya kumlaza, akakata kufuli kwa mkasi wa chuma tuliouazima kwa fundi, kisha akazitoa pete moja moja. Kazi ilichukua karibu saa nzima. Mlinzi wa pale, kijana mdogo, ndiye aliyemshika kichwa kwa kanga kuukuu. Aliniambia, "Kaka, mimi niliambiwa akifunguka akamuuma mtu nitalipa mimi. Na ufunguo wa kufuli hawakuniachia."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike. Amri ya kumfunga ilikuwepo na aliyepewa kuisimamia yupo. Amri ya maji, ya kivuli, ya kumlegeza shingo alipokuwa akikua, hakupewa mtu yeyote.

Na la kwangu nilitaje, maana nami nimefunga mnyama akafa. Mwaka 2019 nilikuwa na mtamba mwekundu, mzuri, nikimtegemea azae kabla ya masika. Asubuhi ya maziko ya ami yangu nilimfunga kwenye mnazi kwa kamba ya nailoni, nikaweka ndoo ya maji, nikamwambia mwanangu akamhamishe saa 5. Mtoto naye akaja msibani, nami nikasahau kuuliza. Nilirudi baada ya alasiri. Mtamba alikuwa ameuzunguka mnazi, kamba ikafupika, ikafupika, mpaka pua imegusa gogo. Yuko chini, ulimi nje, tumbo limejaa. Hakuiona magharibi. Ndoo ilikuwa upande wa pili wa mnazi, imejaa pomoni, hata nyasi iliyoangukia juu yake ilikuwa bado inaelea.

Ndoo ile naiona mpaka leo. Nilikuwa nimefunga mnyama na nimeweka maji, nikahisi nimetimiza wajibu.

Sasa kuhusu sheria. Sheria ya kufunga huku kwetu tunaijua sote. Mpunga ukishaota na muhogo ukishatoa majani, sheha, kiongozi wa serikali wa shehia yetu, hutangaza: kila mtu afunge mnyama wake, atakayeachia atalipa. Ni haki. Mimi mwenyewe nimeliwa muhogo wa miezi 6 usiku mmoja. Lakini tangu nipate akili sijasikia tangazo linalosema kamba iwe na urefu gani, mnyama akae juani kwa muda gani, au kwamba mnyororo usitumike shingoni. Nilimuuliza sheha wetu baada ya mambo ya yule mbwa. Ni mtu mzima na mwadilifu, akanijibu kwa utulivu: "Mwanangu, mimi nikiletewa kesi ya mbwa aliyefunguka najua la kufanya. Ya mbwa aliyefungwa hajaniletea mtu ila wewe."

Kuna kitu watu huchanganya mitandaoni. Wengi wanataja Sheria ya Ustawi wa Wanyama namba 19 ya mwaka 2008. Ile ni ya Tanzania Bara. Mifugo si jambo la Muungano, kwa hiyo mambo ya wanyama wetu yako mikononi mwetu wenyewe, kwa Baraza la Wawakilishi na wizara yetu ya kilimo na mifugo, na chini yake sheria ndogo ndogo za halmashauri. Mimi hilo nimelichukua kama kheri. Hatuna haja ya kusubiri Dodoma ili tuandike kipimo cha kamba.

Nikaanza kusoma wenzetu wamefanyaje. Austria walikataza moja kwa moja kwenye sheria yao ya 2004: mbwa hafungwi mnyororo wala kamba, hata kwa muda mfupi. Ujerumani walifunga mlango kwa kurekebisha kanuni zao 2021, wakaacha nafasi ndogo kwa mbwa wa kazi anayesimamiwa na mtu. Uingereza, sheria yao ya 2006 haikukataza kamba, ila imembebesha mwenye mnyama jukumu: mahali panapofaa, chakula na maji, nafasi ya kuishi kwa tabia yake, kinga ya maumivu. Ukishindwa unashitakiwa, hata kama mnyama hajafa.

Marekani kila jimbo na lake, na huko ndiko nilikokuta vipimo ambavyo hata sheha anaweza kuvishika. California wameweka saa 3 katika saa 24 kwa mbwa aliyefungwa kwenye kitu kisichohama. Massachusetts ni saa 5, na kuanzia saa 4 usiku mpaka saa 12 asubuhi hafungwi nje. Nevada ni saa 14, na kamba isipungue futi 12. Texas, kwa sheria iliyoanza kutumika Januari 2022, wamekataza mnyororo wenyewe. Wanataka maji safi, kivuli, pa kujisitiri, na kamba isiyopungua futi 10 au mara 5 ya urefu wa mbwa, chochote kilicho kirefu zaidi. Futi 10 ni kama mita 3. Linganisheni na hatua zangu mbili na nusu.

Texas wana fundisho jengine. Sheria yao ya zamani ilimtaka askari ampe mwenye mbwa onyo la saa 24 kabla ya kumuadhibu. Mtu anafungua kamba askari akija, anafunga tena akiondoka. Sheria mpya ikaliondoa sharti hilo.

Iliyonigusa zaidi ni ya Pennsylvania, ya 2017. Mbwa hafungwi nje zaidi ya saa 9 kwa siku, na joto likipita nyuzi 32 kwa vipimo vyetu, au baridi ikigandisha maji, ni nusu saa tu. Hapa kwetu wakati wa Kaskazi, Januari mpaka Machi, joto la mchana hufika 32 na 33 siku nyingi. Mbwa hatoki jasho kama sisi, anapoa kwa kuhema na kutweta, na kutweta kunamaliza maji mwilini. Sasa mfikirieni aliyefungwa kwenye ukuta wa mawe unaopigwa na jua tangu asubuhi, dumu limepinduka.

Na wanaosema mbwa wa mnyororo ndiye mlinzi mkali: ni kweli anakuwa mkali, lakini kwa nani? Utafiti mmoja wa Denver, Marekani, wa mwaka 1991, uliochapishwa 1994, uliwalinganisha mbwa waliouma watu na wasiouma. Waliokuwa wakifungwa minyororo uani walikuwa na uwezekano karibu mara 3 wa kuwa miongoni mwa waliouma. Mbwa aliyefungwa hawezi kukimbia akiogopa. Kilichobaki kwake ni meno, na mara nyingi anayeingia ndani ya duara bila kujua ni mtoto aliyefuata mpira.

Najua wapo watakaosema haya ni mambo ya Wazungu. Ndugu zangu, la kwanza nililolisikia maishani mwangu kuhusu kumfunga mnyama nililisikia kwenye chuo cha Kurani, nimekaa juu ya mkeka, na Marekani nilikuwa sijui iko wapi. Ni hadithi sahihi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfunga. Maneno yenyewe yana hukumu ndani yake: hakumlisha, wala hakumwacha akale wadudu wa ardhini. Yaani ukimfunga umechukua wewe jukumu la riziki yake, kwa sababu umemkata na riziki aliyoumbiwa kuitafuta. Na upande wa pili kuna yule aliyeteremka kisimani akajaza kiatu chake maji akamnywesha mbwa mwenye kiu anayelamba udongo, akasamehewa.

Madhehebu yetu ya Shafi tumeshika sana suala la najisi ya mbwa, kuosha mara 7, moja yake kwa udongo, na ni sawa tushike. Lakini ni Mshafi huyo huyo, Al-Izz bin Abdis-Salaam, aliyefariki 1262, aliyezipanga haki za wanyama juu ya mwanadamu: amlishe hata akizeeka au akiugua na hana faida naye tena, asimtwishe asichokiweza, asimweke pamoja na kinachomuumiza, mahali pake pa kulala pawe pasafi. Zaidi ya miaka 700 iliyopita. Hiyo ndiyo rasimu, iko kwenye maktaba za mashekhe wetu.

Ninachokitaka mimi ni kidogo. Tangazo lile lile la "fungeni wanyama wenu" liongezwe nusu yake ya pili: ukifunga, kamba si chini ya mita 3, shingoni mkanda na si mnyororo wala waya, kivuli kinachofikika saa zote, maji yasiyopinduka, na mbwa afunguliwe au atembezwe kila siku. Na kila mbwa wa ulinzi kwenye jengo awe na mtu anayejulikana kwa sheha kuwa ndiye mwenye kumtunza, na ufunguo abaki nao.

Naomba michango yenu.

---

Nipo Chake

Kaka umenena. Nami nianzie Pemba. Kwetu tuna somo la kichaa cha mbwa ambalo linahusiana na kamba moja kwa moja. Pemba tulikimaliza kichaa mwaka 2014 kwa kampeni za chanjo. 2016 kikarudi, kikaingia wilaya zote nne, Micheweni, Wete, Chake na Mkoani, mpaka chanjo ilipokibana tena kikatoweka 2018. Nakumbuka siku zile kila mtu alikuwa anafunga mbwa wake kwa hofu, na wengine waliwafunga hivyo hivyo wakawatelekeza, wakadhani kamba ni kinga.

Kamba si kinga. Mbwa aliyefungwa bila chanjo akija mwenye kichaa anamuuma pale pale, hana pa kukimbilia, na wewe mwenyewe ndiye unayempelekea chakula asubuhi. Kinachokata mnyororo wa ugonjwa ni chanjo, inatakiwa ifike kwa mbwa 70 kati ya kila 100. Na aliyeumwa asikae kupaka dawa za miti: aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu dalili zikishatoka hakuna tiba.

Kwa hiyo kwenye orodha yako ongeza: hakuna kumfunga mbwa wa ulinzi asiye na chanjo.

---

Mtoto wa Jang'ombe

Mimi nitakwenda kinyume na mleta uzi, lakini kwa heshima. Mtaani kwetu maji yanatoka usiku wa manane, akinamama wanakesha na ndoo. Leo tukamwambie sheha aende kupima kamba ya mbwa? Na mbwa wenyewe wengi hawana mwenyewe, wanazurura majaani. Kama mwenye jengo ana mbwa wake ndani ya ukuta wake, sheha ataingiaje? Sheria zipo nyingi hazisimamiwi, hii itakuwa nyengine ya kwenye karatasi.

---

Mwana wa Maweni (mleta uzi)

Ndugu yangu wa Jang'ombe, nimekuelewa na shida ya maji naijua, sisi huku tunateka ya visima na yana chumvi. Lakini angalia hivi: mbwa anayezurura jaani hana mwenyewe, huyo ni mjadala mwengine. Ninayemsema ana mwenyewe, amemleta mtu kwa gari, akamfunga kwa mkono wake, kwa faida ya mali yake. Hamwombi mtu maji. Anadaiwa maji na aliyemfunga.

Kuhusu kusimamia, ndiyo maana napenda vipimo. "Usimtese mnyama" ni vigumu kuthibitisha, kila mtu atasema hajatesa. Mita 3 zinapimwa kwa kamba ya fundi. Mkanda au mnyororo unaonekana kwa jicho. Kivuli kinaonekana saa 7 mchana. Na sheha si lazima aingie: majengo haya yanahitaji vibali vya halmashauri kila hatua, sharti la mbwa linaweza kuandikwa humo humo.

---

Bi Mkubwa wa Kwerekwe

Wanangu, mmezungumzia mbwa na ng'ombe, nami niwakumbushe viumbe wengine. Wiki mbili nyuma nilikwenda harusini kaskazini, ufukweni nikaona papasi, hawa vijana wanaowazungukia watalii, ana kima mdogo amemfunga kamba kiunoni, anamweka mabegani mwa wageni wapigwe picha. Kima mwenyewe anashika shanga za mama wa watu na kulia. Kamba imemtoa manyoya kiuno kizima, kama mshipi. Nilimwuliza yule kijana, mwanangu mama yake huyu yuko wapi? Akanyamaza.

Kima na komba ni wanyama wa porini, wako chini ya watu wa misitu tangu sheria ya 1996, si wa kuokotwa na kufungwa. Na wageni wanaolipa kupiga picha ndio wanaomfanya kesho akamtafute mwengine. Watoto wetu nao wakikamata komba humfunga uzi mguuni wakamchezea mpaka akafa. Tulipokuwa wadogo bibi yangu alikuwa akituona na mnyama kwenye uzi hatuli chakula cha mchana mpaka tumfungue, akisema, "Na nyie kaeni na njaa mjue." Leo mzazi akiona anapiga picha naye.

---

Mlinzi wa Usiku

Mimi ni mlinzi kweli, pwani ya mashariki, mwaka wa 6 huu. Nataka kuwaambia upande wetu. Yule kijana wa kwenye uzi namuelewa. Tunakabidhiwa mbwa kama tunavyokabidhiwa tochi. Chakula chake hakimo kwenye mshahara. Mimi nilikuwa nagawana naye wali wangu.

Nilipokuja hapa mbwa alikuwa amefungwa mchana kutwa na usiku kucha. Usiku alikuwa akibweka kila kitu, upepo, kaa, nazi ikianguka. Mtu ukishazoea kusikia mbwa anabweka hovyo huamki tena. Nilimwomba tajiri niwe namfungua usiku ndani ya ua, geti limefungwa, na mchana akae kwenye banda la makuti. Alikataa miezi mitatu, kisha akakubali. Sasa mbwa analala na mimi kizingitini, akibweka mara moja tu najua kuna mtu. Mbwa aliyefungwa pembeni analinda ile pembe tu.

Kuhusu najisi, wasiwasi nilikuwa nao. Shekhe wetu alinifahamisha kuwa kikavu kwa kikavu hakinajisi, na mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa usasi ana ruhusa yake. Nina nguo za kazi mbali na za sala, na chombo chake anakitumia yeye tu. Mambo yanakwenda.

---

Mzee wa Usasi

Vijana, mimi nina mbwa wa kusasia tangu ujana wangu, kwa ajili ya nguruwe wanaotumalizia makonde. Mbwa wa kusasia hafungwi mnyororo, anaharibika miguu na roho. Akifungwa sana, siku ya kutoka msituni hajui tena kusikiliza, anakimbia hovyo.

Nizungumzie kamba. Zamani tulifungia kamba za usumba, makumbi yamefukiwa pwani miezi, akinamama wakayaponda na kusokota. Usumba ni mnene, haukati ngozi, na mnyama akikabwa kweli kweli kamba iliyochakaa hukatika naye akapona. Nailoni ni nyembamba, inakata nyama, na haikatiki. Mtamba wako, mwanangu, kwa kamba ya usumba huenda angekufunguka akala muhogo wa jirani, ukalipa, lakini ungekuwa naye. Pole sana.

Na ng'ombe au mbuzi asifungwe kwenye mti. Piga kigingi kifupi uwandani, juu yake weka pete inayozunguka, kama ile wavuvi wanayoweka kwenye mshipi wa jodari. Hapo akizunguka, kamba inazunguka naye, haifupiki. Muhamishe mara tatu kwa siku, na saa 6 mpaka saa 9 awe kivulini. Ng'ombe mkubwa kwenye joto hunywa lita 40 na zaidi, ndoo moja ya asubuhi haimfikishi popote.

---

Mtoto wa Jang'ombe

Nimesoma ya mlinzi na ya mzee. Nabaki na wasiwasi wangu juu ya usimamizi, lakini la kuandika sharti kwenye kibali cha jengo limenikaa. Hilo linawezekana bila kusubiri sheria mpya Barazani. Nina jamaa yangu anafanya michoro ya majengo, nitamuuliza kinachopitia halmashauri ni kipi na kipi.

---

Fundi Geti

Kwa wasioweza kujenga ua, tumieni waya wa kutelezea. Nimewafungia watu watatu. Unapata nguzo mbili au minazi miwili, umbali wa mita 8 mpaka 10, unakaza waya mnene wa mabati juu kidogo ya kichwa cha mtu. Kabla ya kukaza, unapitisha pete ya chuma. Kamba ya mbwa inafungwa kwenye pete, inashuka mpaka shingoni kwenye mkanda, na iwe ndefu ya kumwezesha kulala bila kuning'inia. Mbwa anatembea mwendo wote wa waya.

La muhimu ambalo wengi hulisahau: kabla ya kila nguzo funga kizuizi kwenye waya, fundo la waya tu linatosha, kwa umbali ambao kamba haimfikishi mbwa nguzoni. Bila hicho mbwa atazunguka nguzo na utarudi kwenye habari ya mtamba. Upande mmoja wa waya uwe ndani ya kivuli. Mkanda wa shingo upitishe vidole viwili chini yake, na kwa mtoto wa mbwa ukague kila wiki kwa sababu shingo inakua.

---

Mwana wa Maweni (mleta uzi)

Nawashukuru nyote. Mzee wa Usasi, la kamba ya usumba sikuwahi kulifikiria na limeniuma kwa namna yake. Nimeshakwenda kwa mama mmoja hapa kijijini anayesokota, nimeagiza pima 10.

Mrejesho, maana wengi mmeuliza faragha. Mbwa yupo hai. Jeraha limeanza kufunga, bwana mifugo amekuja mara nne, na gharama ya dawa tumeigawana mimi, yeye na yule mlinzi, ambaye alitoa elfu 5 kwa hiari yake na mshahara wake wa miezi miwili hajalipwa. Juzi amechanjwa. Mwenye jengo nimempata kwa simu kupitia msimamizi wake. Mwanzo alikuwa mkali, akauliza nimeingiaje kwenye eneo lake. Nilimtumia picha ya mnyororo uliotolewa, pete 11 na kufuli, nimeupanga juu ya gunia. Hakujibu siku mbili. Kisha akaandika kwamba hakujua mbwa amekua, na kwamba atalipia waya na banda. Sijui kama atalipa, lakini Fundi Geti nimekuandikia faragha, tuje tupime minazi iliyoko nyuma ya ukuta. Iko mitatu, na ule wa kati una kivuli mpaka alasiri.

Sheha ameniita Ijumaa baada ya sala, pamoja na watu wa kamati ya shehia. Amesema tangazo la mpunga wa mwaka huu atalisoma kwa nusu zote mbili, ya kufunga na ya jinsi ya kufunga, ila anataka tumwandikie kwa maneno machache yasiyozidi ukurasa mmoja. Nimeandika mita 3, mkanda, kivuli, maji, chanjo, jina la mtunzaji. Bi Mkubwa, nimeweka na mstari wa komba na kima. Mwenye neno la kurekebisha aliandike hapa kabla ya Alkhamisi usiku, na aliye karibu aje na kamba ya kupimia.